Kliniki ya viungo: madaktari nawapa nyota tano, jengo mbili

Naanza na maksi ili mwenye haraka asome hapa aendelee na shughuli zake. Madaktari nyota tano. Manesi nne. Maabara tatu na nusu. Dirisha la dawa tatu. Jengo lenyewe, yani ngazi, mabenchi, vyoo na vitasa vya milango, mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa huruma tu. Naongelea kliniki ya viungo ya wagonjwa wa nje kwenye hospitali moja kubwa ya rufaa hapa Dar. Jina naliacha kwasababu huku chini kuna lawama na baadhi ya wahudumu tunakaa nao mtaa mmoja, sitaki nikipita dukani kesho ninuniwe.

Mi ni msusi. Yeboyebo, twende kilioni, rasta, kazi zote nafanya, kwahiyo mkono kwangu ndo ofisi. Shida ilianza taratibu, asubuhi vidole havikunji, kifungo cha shati la mtoto wa shule kinanishinda, inafika saa nne hivi ndo vinaanza kulegea, halafu uvimbe kwenye vifundo vya vidole mikono yote miwili, sawa kwa sawa, kulia na kushoto. Mtaani si mnajua kila mtu daktari. Huyu anasema umeingiwa na baridi acha kuosha wateja nywele na maji ya bomba, yule anasema hiyo gauti acha nyama nyekundu na maharage, mwingine ana namba ya mtu wa Tanga anayetoa unga wa mizizi. Duka la dawa wao jibu lao moja, diklofenaki, na ikizidi sindano ya diklofenaki. Aliyenitoa huko ni kijana mmoja daktari wa zahanati, alishika mikono yote miwili akaniuliza asubuhi inachukua muda gani mpaka vilegee, nikamwambia zaidi ya saa zima, akaweka kalamu chini akasema dada hii siyo ya dawa za maumivu, nakuandikia rufaa.

Sasa foleni. Namba wanaanza kugawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukifika saa mbili ushakuwa wa mwisho mwisho. Niambieni nyie, ugonjwa wenyewe asubuhi ndo mbaya kuliko muda wote, mtu anaamka vidole vimekaza kama kamba mpya ya manila, hawezi kujifunga khanga, hawezi kushika bomba kwenye daladala, halafu ndo anatakiwa awe getini kabla jua halijatoka. Wagonjwa wa presha na sukari sawa, waje alfajiri, ila hawa wa viungo kliniki yao ingewekwa saa saba mchana mngeona watu wanavyofika wanatembea vizuri. Nilimwambia nesi wa mapokezi akacheka akasema dada umeongea point lakini mchana chumba kina kliniki nyingine. Haya.

Kliniki iko ghorofa ya pili. Lifti ina karatasi imebandikwa MBOVU na karatasi yenyewe imeshapauka, ujue haijabandikwa jana. Kwahiyo watu wa magoti wanapanda ngazi, wazee wanashikiliwa na wajukuu, kila ngazi tano wanapumzika. Ukifika juu mabenchi ni yale marefu ya chini hayana pa kuegemea wala pa kushikia ukitaka kusimama, na mtu ambaye goti limevimba kusimama kutoka benchi la chini ni shughuli, lazima avutwe. Vyoo ni vya kuchuchumaa vyote. Vyote jamani, kwenye kliniki ya magoti na nyonga! Bomba la kunawia ni lile la kuzungusha kwa nguvu. Na kitasa cha mlango wa choo cha wanawake ni cha duara, kile cha kukamata na kuzungusha. Nilimkuta bibi mmoja yuko ndani anagonga, nikadhani umejifunga, kumbe mlango uko sawa kabisa ila vidole vyake haviwezi kukizungusha kile kitasa. Nikamfungulia, akasema asante mwanangu, mimi humu huwa nagonga mpaka apatikane mtu. Kwa sauti ya kawaida tu, kashazoea. Kitasa cha kushusha kwa kiwiko na bomba la mkono mrefu haviwezi kuwa bei ya kuishinda hospitali yenye mashine ya CT skani.

Hapo nishamaliza hasira zangu, sasa niwape haki yao wanaostahili.

Daktari aliyenipokea ni mdada, bingwa, pembeni yake kijana anayesomea ubingwa. Nilitegemea dakika tano na karatasi ya dawa kama kawaida. Wapi! Yule mama alinihoji kama polisi ila kwa upole. Kwenu kuna mtu ana ugonjwa wa viungo, mama, dada, shangazi? Unavuta sigara, uliwahi kuvuta, mzee nyumbani anavuta ndani? Ukipiga mswaki fizi zinatoka damu? Kabla ya kusuka ulifanya kazi gani, ya vumbi? Umezaa wangapi, uliwanyonyesha muda gani, na maumivu yalianza kabla au baada ya mtoto wa mwisho? Ulipata homa kali miezi ya karibuni iliyokuja na maumivu ya viungo? Ulishawahi kutibiwa TB? Akanipima uzito na urefu mwenyewe, hakuchukua ule wa mapokezi. Nikamuuliza dokta sasa fizi na vidole vinahusianaje, akaniambia subiri nikushike mikono kwanza nitakueleza.

Kushika mikono kwenyewe sijawahi kuona. Anachukua kidole kimoja kimoja, kila kifundo anakibonyeza kwa dole gumba mpaka ukucha wake unakuwa mweupe, anauliza hapa? hapa? na hapa? Kisha akaikamata ile sehemu vidole vinapoanzia, akaibana yote kwa pamoja kama anakusalimia kwa nguvu, hapo nikaruka. Yule kijana ana karatasi yenye mchoro wa mtu, kila kifundo kinachouma anaweka doti, kilichovimba anaweka nyingine. Wanahesabu vifundo 28, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole na magoti. Vidole vya miguu havimo kwenye hizo 28 ila alinivua viatu akaangalia navyo, akasema wengi huanzia huko na hakuna anayeangalia. Vile vifundo vya mwisho kabisa karibu na kucha akavigusa vikawa haviumi, akamwonyesha kijana, akamwambia unaona, ugonjwa huu hapa huwa haushiki, hapa ndo unapoutofautisha na ule wa uzee wa kusagika viungo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa rumatoidi athraitisi. Alivyonielezea ni kwamba kinga ya mwili, ile ile inayotakiwa ipigane na wadudu, inageuka inashambulia ngozi laini inayozunguka kiungo kwa ndani, ngozi inavimba, inatoa maji, ikiachwa inaanza kula mfupa wenyewe na hapo vidole vinapinda na havirudi. Ndo maana haraka. Ile miezi ya mwanzo ina faida kuliko miaka yote itakayofuata, na wengi wanaimalizia kwenye diklofenaki inayotuliza maumivu wakati mfupa unaendelea kuliwa kimyakimya, huku figo, tumbo na presha navyo vinaumia.

Kuhusu yale maswali yake, hapa ndo nilipowapa nyota ya tano. Alinieleza kimoja kimoja na akaanza kwa kusema kihatarishi, yani kitu kinachoongeza uwezekano wa kuugua, maana yake siyo kwamba ukiwa nacho utaugua, wala usipokuwa nacho umepona. Akatoa mfano wa mapacha wa kufanana ambao damu yao ni moja, mmoja akiwa nao, yule mwenzake anaupata kama mara 15 tu kati ya 100. Kwahiyo ukoo una sehemu yake, kuna vinasaba kabisa vinajulikana, ukiwa na mama au dada mwenye ugonjwa hatari yako inapanda mara kadhaa juu ya mtu wa kawaida, lakini bado kuna kitu kinatoka nje kuja kuuwasha.

Wanawake tunaupata mara mbili mpaka tatu zaidi ya wanaume. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2019 walikuwepo watu milioni 18 duniani wenye ugonjwa huu na kama 70 kati ya kila 100 ni wanawake, na zaidi ya nusu wana miaka zaidi ya 55. Sababu ya wanawake kuwa wengi haijulikani yote, homoni zinahusika, maana wengi wakishika mimba maumivu yanapungua halafu wakijifungua yanarudi kwa kishindo, na wapo ambao ndo unawaanzia hapo hapo baada ya kujifungua. Kunyonyesha muda mrefu kunaonekana kunakinga kidogo. Mi nimenyonyesha wote watatu mpaka wametembea, kwahiyo hiyo kinga sijui ilienda wapi, dokta alicheka akasema ndo nilichokuambia, hakuna uhakika.

Sigara ndo kubwa kuliko vyote katika vile ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha. Mvutaji wa miaka mingi hatari yake ni karibu mara mbili ya asiyevuta, na akishaupata ugonjwa unakuwa mkali zaidi na dawa zinamfanyia kazi vibaya. Na ukiacha leo hatari haishuki leo, inachukua miaka mingi. Kwenye benchi tulikaa na mzee mmoja aliyetusimulia mwenyewe bila kuulizwa, kavunja kokoto Kunduchi tangu ujana wake, na sigara alikuwa anamalizia pakiti kwa siku maana alisema moshi unasaidia kukohoa vumbi. Alipotoka ndani akawa anashangaa, daktari kamwambia vumbi la mawe lile jeupe nalo linaleta ugonjwa huu, siyo mapafu peke yake, na vikichanganyika na sigara ndo balaa. Anasema miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza amefanya kazi gani. Yani hospitali zote alizopita!

Fizi sasa. Kuna bakteria wanaokaa kwenye fizi zilizooza, kazi yao moja ni kubadilisha protini za mwili zionekane ngeni, kinga ikiziona inatengeneza askari wa kuzishambulia, na inadhaniwa kwa baadhi ya watu vita vinaanzia mdomoni miaka kabla kidole hakijauma. Na uzito mkubwa pia umo, unapandisha hatari na unafanya dawa zifanye kazi taratibu. Nikaambiwa nipunguze na niende kwa daktari wa meno, nikaandikiwa kabisa karatasi. Kutoka kliniki ya viungo na karatasi ya meno, mme wangu alidhani nimekosea chumba.

Maji ya baridi hayaleti ugonjwa. Nilimuuliza mara mbili. Baridi inaweza kukufanya usikie maumivu zaidi siku hiyo lakini haianzishi kitu, kwahiyo wateja wangu wa kuosha nywele mrudi. Na nyama nyekundu ni ya gauti, ambayo ni kitu kingine, ile inakuja ghafla usiku mmoja na mara nyingi inaanza na kidole gumba cha mguu, tindikali inajaa kwenye damu inatengeneza chembechembe ndani ya kiungo. Hii yetu inakuja polepole na inashika pande mbili.

Lile swali la homa kali alikuwa anatafuta chikungunya. Huu ugonjwa wa mbu unaacha maumivu ya viungo yanayofanana kabisa na haya, miezi, hata zaidi ya mwaka, na ni wa kwetu maana mara ya kwanza duniani umetambuliwa ilikuwa mlipuko wa mwaka 1952 kule uwanda wa Wamakonde huko Newala. Nikapenda daktari anayekumbuka hilo badala ya kusoma tu vitabu vya Ulaya.

Kitu ambacho sikukipenda humo ndani, chumba ni kimoja, meza ni mbili, katikati hamna hata pazia. Mimi naulizwa nimezaa wangapi na kuna baba wa watu mita mbili kutoka kwangu anajisomea karatasi zake. Ukitaka mtu akuambie kweli kama anavuta au anakunywa, mwekee pazia.

Maabara. Wanapima ESR na CRP kuona kama mwilini kuna moto, yani uvimbe wa ndani unaoendelea, picha nzima ya damu, ini na figo, halafu viwili vya ugonjwa wenyewe, RF na anti-CCP, hivi vinatafuta kwenye damu wale askari wa kinga wanaoushambulia mwili. Hapa nisikilizeni wale mnaopimwa RF huko mtaani halafu mnaambiwa mna ugonjwa au hamna. RF inaweza kusoma chanya kwa mtu mwenye TB, mwenye homa ya ini B au C, hata mzee asiyeumwa kitu. Na mgonjwa wa kweli kama mmoja kati ya wanne au watano RF yake inasoma hasi. Dada mmoja alikuja na karatasi yake ya chanya kutoka maabara ya jirani na kwao, kashaanza kulia, daktari akamshika mikono akaona hamna kiungo kilichovimba hata kimoja akamwambia karatasi haiumwi, wewe unaumwa nini? Anti-CCP ndo kipimo cha kuaminika zaidi, ila hicho hawakifanyi hapo, damu inapelekwa nje na ndo kilichouma mfuko kuliko vyote, na majibu yalichelewa mpaka nikadhani yamepotea. Nusu nyota niliyokata maabara ni hiyo, na ile nzima nimekata kwasababu aliyenitoa damu alinitaka nikunje ngumi kwa nguvu na akakasirika nilipomwambia haikunji. Bahasha imeandikwa kliniki ya viungo, kaka yangu, soma bahasha.

Uamuzi hawatoi kwa kipimo kimoja. Kuna mfumo wa maksi wa mwaka 2010 uliotolewa na vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya, unahesabu viungo vingapi vimeshikwa, damu inasemaje, moto upo au haupo, na kama imepita wiki sita. Ukifikisha 6 kati ya 10 umo. Nilipata 8, maksi nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwenye chochote. Eksirei ya mikono na miguu ilitoka safi, mfupa haujaliwa, na daktari alifurahi kuliko mimi.

Dawa sasa, hapa ndo nesi mmoja wa dirishani kanifanya nimpe nyota zake. Dawa kuu inaitwa methotreksati. Ukiitafuta kwenye intaneti utakutana na saratani utazimia, ni kweli inatumika huko ila kwa dozi kubwa mno, hii ya viungo ni ndogo na Marekani waliiruhusu rasmi kwa ugonjwa huu mwaka 1988, siyo ya majaribio. Kitu chake kimoja tu cha kuogopa, inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Siyo kwa siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Yule nesi akaniuliza unachagua siku gani, nikasema Ijumaa, akachukua kalamu nzito akaandika IJUMAA kwenye kibahasha, akaninyima kwanza, akasema haya nielezee unamezaje. Nikaeleza. Akasema tena. Nikaeleza tena. Nyuma yangu foleni inaguna, yeye wala. Alivyonipa akaandika na ya foliki asidi siku nyingine, hiyo inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo vinavyoletwa na methotreksati. Kilichonichekesha ni kwamba methotreksati ipo, foliki asidi, hivi vidonge vya kawaida kabisa wanavyopewa wajawazito nchi nzima, vimeisha. Nikanunua nje.

Yule nesi alinitajia na orodha ya mambo ya kuzingatia ambayo nawapa hapa maana inafaa mtu yeyote anayeanza: usishike mimba ukiwa kwenye hii dawa, inaharibu mtoto, kwahiyo uzazi wa mpango lazima na ukitaka mtoto useme miezi kabla wakubadilishie. Pombe acha maana ini litabeba mizigo miwili. Damu inapimwa kila baada ya muda, usiruke. Ukipata homa kali au vidonda mdomoni acha kumeza urudi haraka. Na Septrin usiguse. Hii ya Septrin naisisitiza maana sisi ukienda duka la dawa na kikohozi au mkojo unachoma ndo ya kwanza kupewa, na ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha damu yako yote, chembe nyeupe, nyekundu, kila kitu. Mwambie muuza dawa kabla hajafungua droo.

Haifanyi kazi kesho. Wiki sita mpaka kumi na mbili ndo unaanza kuisikia, na hapo katikati wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye unga wa mizizi. Ili kuvuka huo muda walinipa prednisoloni, dawa inayotuliza uvimbe haraka, dozi ndogo ya muda mfupi, na tarehe ya kuanza kuipunguza imeandikwa kabisa. Kulikuwa na mama mmoja pale uso umejaa umekuwa wa duara, mashavu yanameta, anasifia dawa ya unga anayoletewa, anasema ndani ya siku mbili alikuwa anacheza ngoma. Daktari alivyomwona tu akamuuliza mama hiyo dawa iko wapi, leta niione, maana kupona kwa siku mbili na uso wa namna hiyo ni dalili kwamba kuna mtu kasaga prednisoloni au dawa nyingine ya jamii yake akachanganya kwenye mizizi. Na hakumwambia aache siku hiyo hiyo, alimwandikia ya hospitali ashuke nayo taratibu, kwasababu mwili ukishazoea ukikata ghafla mtu anaweza kuanguka kabisa. Mama alitoka kanuna. Mi nikaona huyu daktari angeweza kumfokea na hakumfokea.

Mazoezi tiba wako chini, jengo la nyuma, nendeni hata kama mnaona ni kupoteza muda. Kijana wa pale aliniuliza siku yangu nzima inavyokwenda, nazi nakunaje, sufuria nabebaje, nguo nakamuaje. Sufuria ibebwe kwa viganja viwili chini, siyo kwa vidole kwenye masikio. Nguo nzito uizungushe kwenye bomba ndo ukamue. Mbuzi ya nazi mpe mtoto mkubwa. Kwenye kusuka akanifungia kitambaa kwenye mpini wa kitana uwe mnene, akanionyesha mteja akae chini zaidi ili viganja vyangu visipinde, na kila kichwa kikifika nusu nisimame ninyooshe vidole. Wateja wanalalamika nachelewa. Wavumilie au waende kwa jirani.

Kuhusu hela, kumuona daktari siyo ghali, methotreksati yenyewe siyo ghali, kinachomaliza ni vipimo vya kurudia rudia na nauli. Kama una bima uliza kabla hujatolewa damu kipimo kipi kimo na kipi hakimo, mi niliambiwa baada. Zipo na sindano za kisasa kwa wale ambao vidonge vimegoma, bei yake utakaa chini, na kabla ya kuchomwa lazima upimwe TB hata ile iliyolala, kwasababu zinaweza kuiamsha. Sijafika huko. Vidonge vimenikubali, asubuhi navaa mwenyewe, rasta ndogo ndogo bado sizichukui ila yeboyebo nasuka kama zamani.

Mkienda, bebeni dawa ZOTE mnazotumia kwenye mfuko, na za mizizi humo humo, hawatawasema. Na ukiamka mikono imevimba ipige picha kwa simu, maana mpaka ufikiwe saa sita mchana uvimbe unakuwa umeshuka na unaonekana umedanganya, mi picha zangu yule kijana alizikuza akazihesabia vifundo humo humo kwenye simu. Chai kunyweni kabisa nyumbani, vipimo hivi nilivyotaja hamvifungii, na kantini ya pale maandazi yanaisha saa tatu.